Vitako Saba Chumbani kwa Chester

Laddie Hrubec alikula akiwa amesimama. Kila jioni Dolores, mkewe, alimwandalia sahani mezani, na kila jioni yeye aliichukua sahani ile akaenda kuegemea sinki, akichungulia dirishani kana kwamba kuna mtu aliyemwahidi kupita. Kanisani alichagua benchi la mwisho, ili aweze kutoka na kurudi bila kumsumbua mtu. Kiwanda chetu cha vioo kilipokuwa bado kinafanya kazi, aliwahi kukataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo chenyewe kilikuwa na kiti na meza.

"Mimi nimeolewa na mlango," Dolores alipenda kutuambia sisi majirani. "Unafunguka, unafungwa, unafunguka tena."

Mtu pekee aliyeweza kuvumilia hali hiyo kwa furaha alikuwa Chester Wozny, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Chester alikuwa mnene, mpole, mtu wa kuketi. Msimu wa kuwinda kulungu ulipofika, wote wawili walipanda milimani kwenye kibanda chao cha mbao. Chester aliketi juu ya gogo na bunduki mapajani, kimya, theluji ikimwangukia kofiani. Laddie aliketi naye kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, kisha akaanza kuzunguka msituni akivunja matawi kwa viatu vyake. Kulungu waliposikia kishindo walikimbilia upande wa pili, na upande wa pili ndiko alikokuwa Chester. Basi kila mwaka Chester alirudi na nyama, Laddie akarudi na matope.

"Kiroboto ndiye mbwa wangu wa kuwindia," Chester alisema kila mwaka pale baa, na kila mwaka watu walicheka. Kiroboto ndilo jina alilompa Laddie utotoni. "Tofauti ni kwamba mbwa hawezi kunimalizia bia."

Kiwanda kilipofungwa, tulidhani Laddie atapata wazimu. Badala yake alipata bunduki za zamani. Katika milima hii ya Pennsylvania magharibi, karibu kila nyumba ina bunduki moja ya jeshi kabatini, ama ya Kimarekani, ama ya Kirusi, ama ya Kiingereza, iliyonunuliwa na babu enzi ambazo majeshi yalikuwa yakiuza zana zao zilizobaki kama majembe. Chuma chake huwa bado kizima. Kinachochakaa ni kitako, yaani ule mti wote unaobeba chuma, kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Huwa umejaa grisi ya ghalani, jasho la watu wasiojulikana, na mabonde ya kugongwa. Laddie akajifunza kuifufua miti hiyo.

Alikuwa na mbinu zake, na mbinu zote zilipitia kwenye mali ya Dolores. Ili kuyeyusha grisi, alifunga vitako ndani ya mifuko myeusi ya taka na kuviacha ndani ya gari la mkewe siku za jua kali la Julai. Ili kuinua mabonde, aliweka kitambaa chenye maji juu ya mti na kukipiga pasi ya mkewe mpaka mvuke upenye na mti uvimbe urudi mahali pake. Mwaka mmoja aliosha kitako cha Kirusi ndani ya mashine ya kuoshea vyombo.

"Pasaka ile," Dolores alisimulia, "tulikula soseji zenye ladha ya jeshi la Urusi zima."

Kwa hakika kazi yake ilikuwa nzuri. Mti wa mjozi uliofika kwake mweusi kama kisiki cha moto uliondoka na rangi ya chai ya rangi, mistari yake ikionekana vizuri. Ila kulikuwa na kasoro moja iliyojulikana mji mzima. Mafuta ya kitani, yale ya kumalizia mti, yanataka kupakwa kidogo sana, kusuguliwa kwa mkono mpaka mti upate joto, kufutwa, halafu kuachwa yakauke kabisa kabla ya kupaka tena. Laddie alipaka vizuri, alisugua vizuri, lakini kuacha hakukuwezekana. Alirudi bandani kabla mafuta hayajakauka akaongeza mengine, kisha mengine. Matokeo yake vitako vyake viling'aa sana na vilinata sana. Watu walivichukua, wakamshukuru, wakavining'iniza kwenye msumari mpaka msimu ubadilike.

Vuli ile Chester aliugua. Ilikuwa saratani ya ini, nayo iligunduliwa imechelewa. Madaktari walisema hawana cha kuongeza, kwa hiyo Irene, mkewe, akamrudisha nyumbani na kumtandikia kitanda cha hospitali kwenye chumba cha mbele, karibu na hita. Waliambiwa asitarajiwe kuiona Krismasi.

Sote tulikwenda kumwona. Tulipeleka pirogi, zile sambusa za kuchemshwa zenye viazi, pia supu na keki. Laddie alikwenda mara nyingi kuliko sote, na kila mara alikuwa na koti mwilini.

"Shemeji, vua koti ukae," Irene alimwambia.

"Nakuja, nakuja. Hili pazia limepinda."

Alinyoosha pazia. Alikaza bomba la jikoni. Alipanda ngazi akatoa majani kwenye mfereji wa paa. Kisha alichungulia chumbani, akasema, "Haya, Chester, nitapita kesho," na kabla Chester hajajibu, pikapu ilikuwa imeshawaka.

Siku moja Irene alimkuta Dolores dukani akamvuta pembeni, kati ya rafu za unga.

"Dolly, sitaki kukugombanisha na mumeo. Lakini Chester anamtaka. Hasemi. Ila gari likipita barabarani anageuza kichwa. Watu wote wanakaa naye mpaka nawafukuza, na yule mmoja anayemtaka ana moto ndani ya viatu."

Jioni ile Dolores hakuandaa sahani. Alisimama mbele ya sinki, mahali pa mumewe.

"Rafiki yako anakufa," alisema, "nawe umemtengenezea bomba."

"Lilikuwa linavuja."

"Wewe ndiwe unayevuja, Ladislav."

Alimwita kwa jina lake zima mara chache sana. Laddie alizunguka meza. Aligusa kiti, akakiacha.

"Nikikaa pale namwona," alisema.

"Si ndiyo maana ya kwenda kumwona mtu?"

"Namwona alivyo sasa, Dolly. Nikiwa juu ya ngazi, yule aliye ndani ya nyumba bado ni Chester wa siku zote. Nikikaa..." Hakumaliza. Alikwenda bandani, na Dolores akasikia msasa ukianza kazi.

Baada ya siku hizo ndipo Laddie alipopata wazo ambalo kwake lilionekana kuwa suluhisho. Klabu yetu ya askari wastaafu ina kikosi cha heshima. Askari mstaafu akizikwa, watu saba husimama makaburini na bunduki za Vita vya Pili vya Dunia wakafyatua mara tatu risasi baridi, zenye baruti tupu. Chester, aliyepigana Vietnam, alikuwa ameongoza kikosi hicho kwa miaka mingi. Laddie hakuwahi kuwa mmoja wao. Walipoitwa jeshini pamoja, daktari alichungulia sikio la Laddie, akaona ngoma yake imetoboka, akamrudisha nyumbani. Mazishini alisimama upande wa raia, akibadilisha mguu.

Sasa aliziendea bunduki zile kwa Rhonda Pastorek, kamanda wa klabu. Rhonda aliwahi kuendesha malori ya jeshi jangwani na sasa anaendesha basi la shule, na kwa sababu hiyo si mtu wa kudanganywa kirahisi.

"Mti wake ni mweusi, Rhonda. Mchafu. Siku ya Chester zisifyatuliwe zikiwa kama kuni."

"Ni mali ya jeshi, Mzee Laddie. Sisi tumeazimwa tu."

"Sichongi. Sipigi hata msasa. Nasafisha na kupaka mafuta, basi."

"Mafuta yako nayajua. Binamu yangu bado anasubiri bunduki yake ikauke."

"Hii ni ya Chester," Laddie alisema. "Hii nitaifanya sawasawa."

Rhonda alifungua kabati la chuma. Alitoa vitako vyote saba na kufungia chuma chake ndani.

Laddie alianza kazi kwa bidii ya kutisha. Alisafisha kwa tapentaini, akapiga mabonde pasi, na miti ikaanza kuonyesha wekundu wake. Wakati wote huo hakwenda kwa Chester, na alipoulizwa, sasa alikuwa na jibu: "Niko kwenye kazi yake." Alilitoa kwa uso wa mtu aliyepata cheti cha daktari cha kutokwenda kazini.

Lakini mvua ilinyesha mfululizo. Banda lilikuwa na unyevu, baridi ikazidi, na mafuta ya kitani hayakauki kwenye baridi na unyevu. Laddie alipaka, akagusa, akaona bado, akapaka tena. Rhonda alipokuja kukagua, vitako vilikuwa vimesimama ukutani viking'aa kama vimelowekwa ndani ya asali.

Alitoa mfukoni glavu nyeupe za pamba, zile zinazovaliwa na kikosi, akaivaa moja na kukamata kitako cha kwanza. Alipotaka kuuondoa mkono, mkono ulitoka na glavu ikabaki.

Walikitazama kitako kile, na glavu ile nyeupe iliyokishika yenyewe.

"Mzee Laddie," Rhonda alisema polepole. "Mimi nitasema 'teremsha silaha', na hakuna atakayeteremsha. Watu saba, mbele ya mjane, tumenata kama nzi kwenye gundi."

"Nitavipangusa. Nitaanza upya."

"Wapi? Humu? Humu hata samaki wangejiona wako nyumbani."

"Jikoni kwangu hapana," Dolores alisema kutoka mlangoni, kabla hajaulizwa.

Rhonda alipofika kwa Irene kumpelekea supu, hakuweza kujizuia. Alisimulia habari ya glavu. Alidhani Chester amelala. Asubuhi iliyofuata simu ililia kwa Laddie, na sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ya Chester.

"Kiroboto. Nasikia umeharibu bunduki zangu."

"Kidogo tu."

"Zilete hapa. Irene amewasha hita mpaka mimi mwenyewe nakauka. Chumba hiki kingekausha mto."

"Nitamwambia Rhonda azilete."

"Rhonda hajui kupaka mafuta. Mafuta yapakwe humu humu, kwenye joto. Ulete vitako na mikono yako miwili." Alipumzika kupata pumzi. "Na uvue koti, maana utaiva."

Kwa hiyo Laddie alivipangusa vitako vyote kwa tapentaini bandani mpaka vikabaki vikavu na wazi, akavipakia kwenye pikapu, akaenda. Alifunga waya kwenye fimbo ya pazia na kuvining'iniza vyote saba juu ya hita.

"Chumba changu kimegeuka bucha," Irene alisema. Ila alileta kiti mwenyewe, akakiweka kati ya kitanda na hita, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu kupita.

Nesi aliyekuja kila siku kumtazama Chester alikuwa mwenyeji wa bonde hili. Alipoona kopo la mafuta alisimama mlangoni.

"Matambara yako wapi?"

"Haya hapa," Laddie alisema.

"Toa nje sasa hivi, uyaanike kwenye uzio moja moja. Mafuta haya hupata joto yakikauka. Baba yangu aliyarundika matambara kwenye ndoo, yakajiwasha yenyewe, tukapoteza banda. Humu ndani hakuna tambara. Ukitaka kupaka, tumia kiganja."

Basi Laddie akatumia kiganja. Alichovya vidole, akatandaza tone moja tu juu ya mti, akaanza kusugua. Kwa kiganja kazi huwa ndefu. Lazima mkono uende na kurudi mpaka mti upate joto, na ukiinuka katikati mafuta hukauka na mstari usiofutika. Chester, aliyelala akiwa amegeukia upande wake, rangi ya manjano imemjaa usoni, alisimamia kazi kwa macho.

"Usiinuke. Hujamaliza upande ule."

"Nataka kuangalia tu kama gari nimelifunga."

"Nani ataiba gari lile? Sugua."

Alisugua. Mguu wake ulianza kucheza wenyewe, kisigino kikigonga sakafu.

"Kiroboto, mguu wako unatikisa kitanda."

"Samahani."

"Hapana, endelea. Angalau najua uko."

Kwa siku za mwanzo Laddie alimaliza kupaka akaondoka mara moja, karibu mbio, na siku moja alisahau hata kofia. Lakini kazi ilimlazimu kurudi, kwa sababu safari hii Chester ndiye aliyeamua kama mafuta yamekauka. Laddie alimpelekea kitako kitandani, Chester akaweka kidole juu yake, akafumba macho kama mtu anayesikiliza.

"Bado."

"Yamekauka, Chester."

"Bado, nimesema. Kaa usubiri."

Alikaa akasubiri, na alipokaa, alimwona. Aliona mikono iliyokonda na fulana iliyokuwa kubwa ghafla. Aligeuza uso akatazama vitako.

"Unaogopa nini?" Chester aliuliza siku moja. Irene alikuwa jikoni, na redio yake ilikuwa ikisoma habari za hali ya hewa.

"Nani kasema naogopa?"

"Mimi naogopa," Chester alisema. "Kwa hiyo mmoja wetu ameshasema ukweli."

Laddie alikuwa na kitako mapajani na mkono katikati ya kazi. Kila mtu anayemjua atakuambia kwamba angetoka. Mwili wake wote ulikuwa umeshaelekea mlangoni. Lakini kiganja kilikuwa juu ya mti wenye mafuta mabichi, na kilikuwa hakijafika mwisho.

"Naogopa kukaa hapa," alisema, akisugua. "Naogopa nikikaa itakuwa kweli."

"Itakuwa kweli hata ukiwa juu ya paa langu."

"Najua."

"Unalijua lile sikio lako bovu?" Chester alisema baada ya kupumzika. "Nilipokuwa kule vitani nilikuwa nalifikiria. Nilisema, angalau yule mpumbavu yuko nyumbani, anamsumbua mama kwa niaba yangu."

"Nilimkatia kuni. Alinifukuza kwa sababu nilikata nyingi mno."

"Aliniandikia hivyo hivyo." Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Laddie akamshika begani kwa mkono wenye mafuta, akamwachia alama kwenye fulana. Hakuna aliyeijali.

Baada ya siku hiyo koti lilining'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Laddie alikuja asubuhi, akapaka palipohitaji kupakwa, na pasipohitaji aliketi. Nisiseme uongo, hakutulia. Alifunua gazeti na kulifunika, alihamisha glasi ya maji, alihesabu magari yaliyopita na kutaja wenye nayo. Mguu wake ulicheza. Chester alilala na kuamka, na kila alipoamka alisema tu, "Upo?" na Laddie akajibu, "Nipo. Yule mjinga wa kona amepita tena na lile lori lisilo na bomba la moshi."

Rhonda alikuja kuchukua vitako. Alivipitisha mkononi kimoja kimoja, na safari hii hakukuwa na cha kulalamikia: miti ilikuwa mikavu, laini, ya rangi iliyotulia. Alivifunga sita kwenye blanketi. Cha saba kilikuwa kimening'inia karibu kabisa na hita, mahali ambapo kingekuwa cha kwanza kukauka.

"Hicho kiache," Laddie alisema. "Bado kidogo."

Rhonda aliweka kidole juu ya mti. Alimtazama Chester aliyekuwa amelala mdomo wazi, akamtazama Laddie ambaye hakumtazama. Kisha akajipangusa kidole kwenye suruali, ingawa hakikuwa na kitu.

"Kweli," alisema. "Bado kinanata. Usikiharakishe."

Chester alifariki asubuhi moja baada ya hapo, mvua ikiwa imeacha. Laddie alikuwa akimsimulia kuhusu mzee wa mtaa wa juu aliyejaribu kurekebisha gia za pikapu yake mwenyewe na kubaki na skurubu ambazo hakujua zinaingia wapi. Alisimulia kwa mikono, kama kawaida yake, na alikuwa amefika pale ambapo mzee yule alizitia skurubu mfukoni akadai zilikuwa za ziada.

"Shemeji," Irene alisema. Alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika mkono wa mumewe. "Shemeji, nyamaza kidogo."

Alinyamaza.

Irene alipiga simu. Nesi alikuja, akafanya kazi yake, akamkumbatia Irene, akaondoka. Dolores alikuja na kahawa. Watu walipita sebuleni wakinong'ona. Mwishowe watu wa nyumba ya mazishi walifika na kitanda chao cha magurudumu, vijana wawili waliovaa suti nyeusi, wakajaribu kukiingiza kati ya kitanda na hita, wakashindwa, wakasimama wakitazamana, wasijue la kumwambia mzee aliyekuwa ameketi pale, miguu yake yote miwili imetulia sakafuni.

Ikabidi Irene mwenyewe amguse begani na kumwomba asogeze kiti.